Mjukuu wa Penseli

Habari ya kifo chake ilinikuta nimepiga magoti, namfunga mwanangu kamba za viatu vya chekechea. Aliyepiga simu ni mama anayefagia kanisa pale Same mjini. Akasema bibi wa maktaba ya koo hatunaye tena, presha imemchukua alfajiri, mazishi ni Alhamisi kwao huko mlimani. Nikamaliza kufunga kamba. Wasomaji wangu mnaonijua mnajua silii upesi. Kwangu hasira hutangulia, machozi yanafuata yakipata nafasi. Na siku ile hasira ilikuwa na sababu. Mwanamke huyu ameondoka na shauri letu halijaisha.

Kwa msioijua, maktaba ya koo ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kuna kompyuta mbili za zamani, nakala za vitabu vya ubatizo, na karatasi kubwa zilizofunika kuta zote, kila ukoo wa Upare na karatasi yake, majina yanashuka kutoka juu mpaka kwa watoto wa leo. Marehemu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyezichora. Desemba chumba kinajaa watu waliotoka Dar na magari yao, wanatafuta babu wa babu yao, wanapiga picha mbele ya karatasi, wanaondoka wameridhika. Mimi sikwenda Desemba, wala sikwenda kwa raha. Nilitoka Ndungu juu ya lori la mpunga, mtoto mgongoni, kwa sababu mzee mmoja, babu wa mwanangu kwa upande wa baba, alikuwa amenitumia ujumbe kwamba nimwondolee mtoto jina la marehemu mkewe. Kwetu Wapare binti wa kwanza hubeba jina la bibi mzaa baba, na mimi nilimpa wakati baba yake bado ananipigia simu. Baadaye mwanaume akaenda zake, ndoa haikufungwa, na mzee akaona jina la mkewe limesahaulika kwangu kama sahani nzuri iliyobaki kwa jirani baada ya sherehe. Huyo mzee ni kaka wa marehemu ninayemwandika leo. Nililijua hilo kabla sijapanda lori. Ndiyo maana nilipanda.

"Shikamoo, shangazi," nilimwambia mlangoni.

"Marahaba. Nani amekupa ruhusa ya kuniita shangazi?"

"Huyu hapa mgongoni."

Alivua miwani, akamtazama mtoto, akaivaa tena. "Karatasi ya kwetu ni ile pale. Huyo hayumo. Kama umekuja kugombana, mimi nafunga saa saba. Kama umekuja kutafuta kwenu, vua viatu uingie."

Nikavua viatu. Sikumpenda, na sidhani kama alinipenda. Lakini nilirudi, kila nilipopata lori, nikawa nachora ukoo wa kwetu kwa sababu ndiyo njia pekee ya kukaa chumba kimoja na ile karatasi ya kwao. Na huko nikafanya kosa la kila Mpare anayeanza. Kwetu jina humruka mtoto likatua kwa mjukuu, kwa hiyo vitabu vimejaa mababu na wajukuu wanaoitwa sawasawa. Mimi nilikuta wawili nikawafanya mmoja, nikachora vizazi vyangu na kuvitazama kwa fahari. Akaja akasimama nyuma yangu, akacheka mpaka akashika meza.

"Binti, umemfanya babu yako ajizae mwenyewe."

"Si jina moja?"

"Jina moja, watu wawili. Jina linashuka kwa mjukuu, linapumzika, linashuka tena. Lisiposhuka, huyo mwenyewe ndiye amekufa kweli. Futa."

Sikufuta. Niligeuka nikaitazama karatasi ya kwao. Wajukuu wa kaka yake walikuwa wavulana watupu, na jina la marehemu mkewe halikurudiwa popote chini.

"Shangazi, jina la wifi yako limeshuka kwa nani?"

"Unanitega."

"Nakuuliza tu. Mwalimu ni wewe."

"Una mdomo mbaya sana."

"Nimeutoa kwa mama yangu. Yuko kwenye karatasi yangu, ukitaka nikuoneshe."

Akacheka bila kutaka, akaenda kuwasha jiko la chai. Lakini nilipokwenda tena nilikuta mstari mpya ukutani, umeshuka kutoka kwa mtoto wa kaka yake, na chini yake jina la mwanangu. Kwa penseli. Nikamuuliza mbona wavulana wote wako kwa wino. Akasema wino hadi mwenye mji akubali, yaani kaka yake. Nikamuuliza akubali nini, kwamba mtoto amezaliwa? Mtoto ana miaka minne, anakula ugali, anatukana kuku. "Nitazungumza naye," akasema. "Usinisukume." Na ajabu yake ni hii: kwenye karatasi yangu mimi, mahali pa baba wa mtoto, nilikuwa nimeandika kwa hasira kwamba hajulikani. Akalikata neno lile mwenyewe. "Anajulikana. Yuko Mwanga, anauza vipuri vya pikipiki. Aibu yake usiibebe wewe." Akaliandika jina la mtoto wa kaka yake kwa wino mzito. Kwenye karatasi ya kwetu alikuwa jasiri. Kwenye ya kwao, penseli.

Nimewaza sana juu ya hili. Sisi watu wa milima hii tunajisifu kwamba hatupotezi mtu, kwamba Mpare akikutana na Mpare lazima waulizane ukoo mpaka wapate undugu. Ni kweli, kwa waliokufa. Nimewaona watu wazima wakilia mle chumbani kwa ajili ya babu ambaye hawakuwahi kumwona, halafu wanatoka nje wanapita stendi, na pale stendi kuna mtoto wao anauza karanga na hawamsalimii. Babu aliyekufa hana gharama. Haombi daftari, haulizi baba yuko wapi. Mtoto aliye hai anadai, kwa hiyo ukoo mzima unageuka kuwa mahakama, wazee wanakaa na dengelua yao, pombe ya miwa, wanajadili kama binti yangu yupo au hayupo, huku yeye amesimama mbele yao anajikuna pua.

Alhamisi nilipanda mlima na mwanangu. Kulikuwa na ukungu, na makande yalikuwa yanachemka nyuma ya nyumba. Baada ya ibada msemaji wa familia akaanza kuita makundi kuweka mashada: ndugu, wakwe, majirani, walimu wenzake. Marehemu hakuzaa, kwa hiyo aliposema "wajukuu," walisimama wale wavulana wa kaka yake, mashati meupe. Nikamgusa mwanangu begani.

"Nenda na wenzako."

"Wapi?"

"Kwa bibi. Peleka lile ua lako."

Nikaenda nyuma yake. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Na huyu kafuata nini hapa?" Nikamjibu bila kugeuka kwamba kafuata zamu yake. Msemaji akasita, maikrofoni mkononi. Mwanangu akaweka ua alilochuma njiani, akarudi, na njia yake ikapita mbele ya mzee aliyekaa kando ya kaburi la dada yake. Nimemfundisha adabu. Akasimama.

"Shikamoo, babu."

Huwezi kuacha shikamoo ya mtoto bila kuitikia, mbele ya kaburi, kijiji kizima kikitazama. "Marahaba," akasema. Kisha likamtoka swali lile tunalowauliza watoto wote kwa mazoea: "Unaitwa nani?"

Akamtajia. Kwa ile sauti ya chekechea ya kuitikia mahudhurio, jina la mkewe lote, likasikika mpaka kwenye migomba. Mzee akatazama chini. Akavuta fimbo yake ili mtoto apite. Ndipo machozi yangu yakapata nafasi.

Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba, mama mfagizi akanifungulia. Mtaniambia sina mamlaka, na mniambie tu. Nilivua viatu, nikapanda kiti, nikapita na wino juu ya penseli yake, herufi moja moja, nikiufuata mwandiko wake. Namshukuru marehemu kwa mengi, lakini fundisho hili nimelitoa kwenye uoga wake: kama unaamini mtoto ni wenu, mwandike leo kwa wino, maana kifo hakitakungoja uombe ruhusa. Karatasi iko ukutani. Atakayetaka kumwondoa mwanangu itabidi aichane yote, na yeye mwenyewe yumo.