Siku Mama Mkwe Aliponichagulia Panga

Kwa miaka sita ya ndoa yangu, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Si kwamba tulikosana. Yeye ni Mkamba wa kale, na kwao mume wa binti huheshimiwa kwa mbali, naye vilevile humheshimu mama wa mkewe kwa mbali. Hamshikani mikono, wala hamtazamani sana usoni. Akija kwetu Dagoretti humwambia mke wangu, "Muulize baba wa mtoto kama atakunywa chai nyingine," nami nimeketi papo hapo na kikombe mkononi.

Mwaka huu alikuja kuondolewa mtoto wa jicho katika kliniki moja ya Hurlingham. Siku ya kutoka mke wangu alinyimwa ruhusa kazini, nikatumwa mimi. Nilimkuta mapokezi, jicho la kulia limefungwa bandeji, mkoba mapajani. Jicho la kushoto nalo lilikuwa na ukungu wake, linasubiri zamu.

Nilikuwa na mpango wangu: nimfikishe nyumbani kwa teksi, kisha nikimbie mjini. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ardhi nilichoachiwa na baba. Ua wake wa kayaba ulikuwa umeachwa hadi ukawa msitu wa miiba, na magugu ya lantana yakaupanda juu. Jumamosi iliyotangulia nilijaribu kuufyeka kwa panga nililonunua kwa mchuuzi kwenye taa za barabarani. Pigo la nne tu, likapinda kama kijiko cha plastiki kwenye uji moto. Jirani alicheka mpaka akaketi chini.

Ndani ya teksi nilitazama saa mara mbili tatu.

"Una haraka ya wapi?"

Niligeuka kuona kama anasema na dereva. Alikuwa anasema na mimi.

"Nataka kwenda River Road, mama. Kununua panga."

"Na unajua kuchagua?"

Nikamsimulia yaliyonipata. Akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho sikuwahi kukisikia, halafu akamgusa dereva begani. "Geuza gari, baba. Tunaenda River Road."

"Mama, daktari amesema usiiname wala usibebe kitu kizito."

"Kuchagua si kubeba."

Dereva alitushusha mbali kidogo na maduka, maana mikokoteni ilikuwa imeziba njia. Watu walipita wakitugonga mabega. Nilisimama kando ya mama mkwe nisijue la kufanya, mikono nimeificha mifukoni kama mwanafunzi. Mwishowe yeye ndiye aliyenyoosha wake.

"Nishike. Nikianguka hapa, heshima itanisaidia nini?"

Nikamshika. Kiganja chake kilikuwa kigumu kuliko changu.

Muuzaji wa duka la hadiwea tuliloingia alikuwa mtu wa makamo, penseli nyuma ya sikio. "Karibu mathe! Niwape panga ya kukata nini?"

"Miiba," akasema mama mkwe. "Lete zote."

Yakapangwa kwenye kaunta. Moja lilikuwa na mpini wa plastiki wa rangi ya machungwa, linang'aa, nami nikalipenda papo hapo. Mama mkwe alilipapasa, akalisukuma kando. Alichukua lingine, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa bapa, kisha akalining'iniza kwa vidole viwili na kuligonga kwa kifundo cha kidole. Akatega sikio.

"Hii imekufa."

Akachukua la tatu, akalitikisa. "Na hii mpini inacheza. Sikia inavyonong'ona."

Likaja la nne, la tano, la sita. Wateja wawili waliokuja kununua misumari wakasahau misumari yao.

"Mathe," muuzaji akasema, "unanunua panga ama unamchagulia kijana bibi?"

"Bibi anaye. Nilimzaa mimi, na hana kasoro. Tafuta huko nyuma."

Muuzaji akaingia stoo akicheka, akarudi na panga jeusi lililopakwa grisi, mpini wa mti. Mama mkwe alifuata chuma kwa kidole: kilipita ndani ya mpini hadi mwisho wake, kimeshikwa na misumari mitatu ya ribiti. Akaligonga. Lililia kama kengele ya shule, likachukua muda kunyamaza.

Akanipa mimi. "Weka ncha kwenye ubao, uikandamize. Inapinda?"

"Kidogo."

"Achilia. Imerudi?"

"Imerudi, imenyooka kabisa."

"Isiyopinda huvunjika. Inayopinda ikabaki hivyo, hiyo unaijua wewe mwenyewe."

Nilitupa jicho la mwisho kwenye lile la mpini wa machungwa, nikauliza kama labda nalo lingefaa.

"Ukitaka rangi, nunua ndoo," akasema. Duka zima likacheka, nami nikacheka nao. Tukanunua lile jeusi na tupa ya kulinoa, muuzaji akalifunga kwa katoni.

Jumamosi nikaingia kichakani. Yeye aliketi kwenye stuli kibarazani, miwani myeusi usoni, akisikiliza. Nikilegea alijua. "Sasa inalia vibaya. Noa!" Nikinoa vizuri alinyamaza, na huo ndio ulikuwa ukarimu wake. Kati ya kunoa na kukata alinisimulia jinsi alivyofyeka shamba lake huko Kitui peke yake, mume akiwa kazini Mombasa, na panga moja lililomfaa miaka mingi, mpini ukibadilishwa mara tatu. Nilimuuliza maswali, akajibu yote. Mke wangu alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama mlangoni.

"Kwani nyinyi mnaongea?"

"Tuna kazi," mama yake akamjibu. "Leta chai."

Kufikia jioni nilikuwa nimefika mpakani, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki niliona ardhi yote kwa mkupuo mmoja, nyekundu, imechanikachanika, yangu.

Kesho yake kanisani viganja vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge. Wimbo wa makofi ulipoanza, nilipigapiga paja kwa ngumi. Mama mkwe akanisogelea sikioni.

"Ulishika mpini kwa nguvu sana," akanong'ona. "Hilo nalo ni la kufundishwa."