Mdundo wa Kafi kwenye Ubavu wa Mtumbwi

Ngurumo ya maporomoko haikunitisha hata siku moja. Kwetu, wavuvi wa Kisangani, mtoto huizoea kabla hajalijua jina lake. Kilichonitisha ni vishindo vya ghafla. Msimu ule maji ya mto yalipopungua, risasi zilikuwa zimeshanyamaza mjini, lakini mwili wangu haukupata habari. Mlango ukibamizwa, pikipiki ikikohoa, nilitetemeka mpaka lituma, ile ndizi ya kupondwa niliyoipenda mno, ikanidondoka mkononi. Mchungaji wetu akatoa hukumu mapema: pepo. Alitaka nifungiwe katika chumba cha maombi, bila chakula, mpaka pepo anitoke. Nilikuwa nimewaona watoto waliotoka humo, macho yamewadidimia, na nilikiogopa chumba kile kuliko risasi.

Tonton Lobela, kaka wa mama, hakubishana na mtu. Alinichukua mtumbwini, akanilaza ubavu, sikio kwenye ubao. Wavuvi wetu huvuka maji makali kwa wimbo: mmoja hugonga ukingo wa mtumbwi kwa kafi, wengine huitikia, na mdundo hukimbia maji yanapokimbia, kisha hupungua wakiingia maji matulivu. Tonton alianza haraka, kwa kasi ileile ya mikono yangu, kana kwamba ananitania. "Malembe, mwana, malembe," akasema, yaani polepole, na mdundo ukapungua. Ulipita kwenye ubao, ukaingia tayani, ukashuka kifuani, na pumzi yangu ikaufuata bila kuniuliza. Tulirudia kila asubuhi wavuvi walipokwenda kutazama mitego yao kwenye miti iliyosimikwa maporomokoni. Nilikuwa na raha, nasema wazi, raha ya mtu aliyeshiba.

Mchungaji akatufuata ukingoni mwa mto. "Mama, hii muimbo iko ya dunia. Dimanche, siku ya ibada, umulete mutoto, atafunga kula."

Mama alikuwa akiparua samaki, hakusimama. "Pasteur, mutoto yangu haendi. Anatetemeka? Bon, hata mimi natetemeka. Alors, utatufunga sisi wote?"

Hapohapo bomba la moshi la pikipiki likalipuka barabarani. Mchungaji akaruka, Biblia ikamtoka mkononi. Mikono yangu nayo ikaanza kutetemeka, na watu wote wakanikodolea macho. Nikauendea mtumbwi uliovutwa mchangani, nikaugonga kwa ngumi, haraka, halafu polepole, halafu polepole zaidi, mpaka vidole vikatulia. Kisha nikaiokota Biblia yake, nikampa kwa mkono usiotikisika. Mama akacheka kwa sauti.

"Kuja na wewe ulale mu pirogue, Pasteur. Nafasi iko."

Leo mjini wapo wataalamu wanaoeleza kwa maneno mazuri jinsi muziki unavyotuliza mishipa ya fahamu, na vijana huvaa spika za masikioni kubwa kuliko masikio yenyewe. Nawapongeza, ila wasinifundishe kwamba ni jambo jipya. Vyumba vile vya maombi navyo bado vipo, na hilo linaniudhi mpaka leo. Juzi jirani yangu hapa mtaani Kabondo aliniletea binti yake anayetetemeka. Kanisani walikuwa wameshamwandalia mkeka katika chumba cha maombi. Nilimlaza sebuleni, nikamfungulia mdundo wa kafi niliourekodi kwa simu watoto wa Tonton walipokuwa wakivua. Pumzi yake ilikuwa inaanza kushuka aliposimama mlangoni mtumishi wa chumba kile, amekuja kumchukua, akibisha hodi kwa hasira kweli. Mtoto akashtuka, akanitazama. Sikufungua. Nikaongeza sauti ya mdundo.