Tupe Taka Hapa

Shangazi yangu ni askari wa usafi wa manispaa. Ukitema mate au ukikojoa ukutani mbele yake, umekwisha. Mtaani wanamwita Bi Faini, naye anaitika, "Abee!" Nyumbani ni mtu wa kucheka mpaka machozi, ila akishavaa ile sare hajui ndugu wala jirani. Mume wake alishalipa faini kwa kutupa kipisi cha sigara. "Na risiti nilimpa," husema Shangazi.

Juzi natoka shule, nikakuta watu wamejaa kwenye geti la stoo ya manispaa. Shangazi kamshika mkono dobi wa jirani, na chini yao majivu ya pasi yamemwagwa yote.

"Afande, niachie! Suti ya bwana harusi iko mezani, haijaguswa, na anaoa leo hii jioni."

"Basi lipa. Hutaki, twende ofisini ukakae foleni."

"Nilipe nini wakati mmeniomba wenyewe? Hebu soma!"

Tukasoma sote. Kwenye bati la geti, kwa rangi nyekundu mbichi: TUPE TAKA HAPA. FAINI ITATOZWA.

"Kumbe asiyewapa ndiye anayetozwa!" akadakia muuza viatu. Watu hoi.

Shangazi hakucheka. Akaenda kwenye mlango wa pili wa geti, uliokuwa umefunguliwa kwa ndani kupisha malori, akauvuta. Herufi tatu zikajitokeza: USI. Fundi rangi alikuja Jumapili, geti limefungwa, akaandika toka mlango huu hadi ule bila wasiwasi. Shangazi akausukuma mlango, akauvuta, akausukuma tena. Tupe. Usitupe. Tupe. Nikaona midomo yake imeanza kumsaliti.

"Wewe dobi, ulidhani kweli tunataka majivu yako?"

"Nilishangaa kidogo, Afande. Lakini serikali ikiomba, mimi ni nani ninyime?"

Hapo akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akashika geti asianguke. Kitabu cha risiti kikarudi mfukoni.

"Zoa uchafu wako, ukanyooshe suti ya watu. Haraka!"

Dobi akazoa, Shangazi kamshikia ndoo. Kisha akachagua humo kipande cha mkaa, akaibananisha USI pembeni ya TUPE, herufi zimepinda kama za darasa la kwanza. Dobi hakungoja kuisoma. Alishakata kona mbio, ndoo inagonga magoti.