Wimbo Uliokosa wa Kuupokea

Mimi Hajira, mtu akiniambia niyasahau ya shule, humwuliza: wewe ulikuwepo? Kama hukuwepo, nyamaza nikusimulie.

Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa. Tulikuwa tunaishi porini upande wa Handeni, sisi na akina Swaumu, nyumba mbili zinazotazamana. Lori likaja asubuhi, tukapakia vyungu, kuku, kinu na bibi yangu, tukaenda kushushwa kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Makuyuni. Mahindi tuliyaacha shambani yamebakiza wiki mbili tu kuvunwa. Njia nzima mimi na Swaumu tulikalia kinu kimoja tumeshikana mikono. Alinitapikia sketi, wala sikumsema.

Kijijini tukawakuta wenyewe. Wao wana nyumba za bati, na shuleni wana madawati. Sisi tukaonyeshwa sakafu. Na jina tukapewa siku hiyohiyo: watoto wa lori. "Wa lori, nyuma!" Bombani hivyo, darasani hivyo, hata kwenye netiboli. Kinara wao alikuwa Elina Mdoe, binti wa mwenyekiti wa kijiji, nywele zinasukwa kila Jumapili na mdomo mchafu kama nini. Alisema sisi wa porini tunanuka moshi. Mwe! Yeye mwenyewe babu yake alishuka kutoka milimani Vugiri na kikapu kichwani, nani asiyejua? Ila alishuka mapema, basi, ndiyo akajiona mwenye nchi.

Mwaka uliofuata tukiwa darasa la sita, Mwalimu Habakuki, aliyetufundisha nyimbo, akatunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Saba Saba. Ngonjera ndani, nyimbo ndani. Kuna msichana mgeni anafika kijijini hana mtu, anaimba: "Ndugu zangu mko wapi?" Kwaya nzima inapokea: "Tupo!" Mara tatu. Ya tatu wanakuja wote wanamshika mikono, wanamweka katikati, mchezo unaisha kwa furaha. Mwalimu akatupima sauti mmoja mmoja, na sehemu ya yule msichana nikaipata mimi. Elina aliitaka sana. Alinuna mpaka jioni.

Nitasema ukweli wangu, hata kama unanitia aibu. Nilijua ni mchezo. Lakini kwenye mazoezi, watoto arobaini wakiitika "Tupo!" na Elina mwenyewe akinishika mkono kwa kuwa mwalimu anatazama, mwili ulinisisimka. Nikawa najidanganya kwamba wazazi wao wakishaona hadharani, basi itakuwa kweli. Hawataweza tena kuniita wa lori. Nililitaka jambo hilo kuliko chakula.

Siku ya Saba Saba ikafika. Wazazi wamezunguka uwanja, mgeni rasmi ni Katibu Tarafa, ameketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Nikatoka mbele, nikaimba: "Ndugu zangu mko wapi?"

Kimya.

Nikadhani hawakusikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Nikageuka nikamwona Elina, midomo ameibana, mashavu yamemvimba kwa kicheko. Nikajua wamekula njama. Haya, Elina alikuwa adui yangu, sikumtegemea. Nikamtafuta Swaumu, mstari wa pili. Wangu wa kinu kimoja! Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Nikaimba mara ya tatu, sauti imeanza kukwaruza. Mama yangu pale kwenye watu alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. Hakuna aliyeitika. Basi nikawageukia wazazi, nikasema tu, bila kuimba: "Hawapo."

Yule Katibu Tarafa akapiga makofi! Akasimama kabisa, akasema shule hii imeonyesha ukweli bila woga, kwamba wapo watu wanaotaja undugu midomoni na moyoni hawanao. Na Mwalimu Habakuki, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anatiririka jasho, akainama: "Ahsante mzee, ndivyo tulivyokusudia." Mwongo mkubwa! Kesho yake akaubadilisha mchezo. Kuanzia hapo kwaya isiitike, na mimi nimalizie kwa kusema hawapo. Tukachaguliwa kwenda nao kwenye mashindano ya shule, Korogwe mjini.

Wiki sita za mazoezi. Kila jioni naita, na kila jioni wananinyamazia kwa amri ya mwalimu. Roho mbaya ya Elina ikageuka kuwa kazi ya shule. "Kaza uso hivyohivyo, Elina, vizuri sana!"

Swaumu nilimbana bombani. "Kwa nini hukuitika?"

"Elina amenipa nafasi kwenye dawati lake," akasema. "Alisema nikiitika narudi sakafuni."

"Dawati, Swaumu? Umeniuza kwa dawati?"

Akaanza kulia. "Hajira, nimechoka kukaa chini. Wewe hujachoka?"

Nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Sikusema naye tena, ingawa mama zetu walipikia moto mmoja na kila jioni alikuwa mbele ya macho yangu. Akinisogezea mboga, nala ugali mkavu. Nilimchukia kuliko Elina, wallahi.

Kwenda Korogwe tulipakiwa kwenye tela la trekta la kijiji. Uwanja umejaa shule za wilaya nzima, watu wako mpaka juu ya miti. Zamu yetu ikafika. Nikaimba mara ya kwanza, kimya kama tulivyofundishwa. Mara ya pili, kimya. Watu wote wananitazama. Mara ya tatu nikaimba: "Ndugu zangu mko wapi?"

"Nipo!"

Sauti moja, imepasuka. "Mimi nipo, Hajira!"

Swaumu alikuwa ametoka kwenye mstari. Elina akamdaka sketi, Swaumu akajichomoa, akaja. Machozi yanamshuka, akasimama hatua moja mbele yangu na kuninyooshea mkono. Alijua atapigwa. Alijua dawati limekwenda. Alikuja hivyohivyo.

Nami ningemshika tu. Ilikuwa hatua moja. Lakini nilikuwa na hasira ya wiki sita, na uwanja mzima ulikuwa unanitazama mimi, mimi peke yangu, na nilikuwa naipenda ile hali. Nikamwambia moyoni, utakiona. Nikampa mgongo, nikawatazama waamuzi, nikasema kwa sauti kavu:

"Hawapo."

Tulishika nafasi ya pili. Jumatatu asubuhi, mbele ya shule yote, Mwalimu Habakuki alinisifu kwamba mwenzangu alitaka kuharibu mchezo na mimi sikubabaika. Swaumu akachapwa viboko vinne. Hakulia. Tulipoingia darasani alipita hadi nyuma, akakaa sakafuni karibu na mlango, akakunja miguu.

Nilikuwa naelekea kukaa palepale, kando yake, mahali pangu pa siku zote. Elina akasogea kwenye dawati, akapigapiga ubao wa kukalia kwa kiganja.

"Hajira," akaniita, kwa jina langu, kwa mara ya kwanza. "Njoo ukae huku."

Swaumu aliinua uso akanitazama. Nikaenda nikakaa.