Urani ya Kisimani

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Niliwahi kusoma ukurasa mzima kuhusu urani, kwa hiyo ni mtaalamu. Wiki jana, kisimani, niliona jiwe la kijani lililogandamana na mchanga. Nikatangaza kwamba ni madini adimu yenye mionzi, nikawafukuza bamama wote wakachote maji ziwani. Nililiokota kwa koleo, nikalifungia ndani ya sufuria ya mke wangu, nikamwita injinia wa migodi.

Mbele ya mtaa mzima, mashine yake ya kupimia mionzi ilinyamaza kimya. Injinia akalimwagia jiwe maji, akalisugua. Povu likatoka.

“Mwalimu,” jirani yangu Mama Riziki akasema kwa upole, “ile iko sabuni yangu. Niko naitafuta tangu juzi.”