Mkono Begani mwa Mama

Tulikuwa watano katika studio ile ya Chang'ombe: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa anaagwa Jumamosi kwenda kuolewa, mwenye studio, na shangazi yetu aliyefika asubuhi hiyo kutoka Gulwe na memori kadi kaifunga kwenye pindo la khanga. Ukimhesabu na mama tulikuwa sita, ila mama alikuwa ndani ya simu yangu, mdogo kama stempu.

Picha hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Kwetu, binti asiye na mama anapoagwa huwekewa kiti kando yake, na kitini picha kubwa ya marehemu, ili wageni wakipita kumpongeza binti wampongeze na mzazi. Mdogo wetu wa mwisho hakuniomba kitu kingine. Gauni alikubali la kuazima. Mama alimtaka wake mwenyewe.

Siku chache kabla, mwenye studio alikuwa amejaribu kuikuza ile ndogo. Mara ya kwanza mama alitoka vipandevipande, kama ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu. Mara ya pili aliipitisha kwenye programu yake ya kukuzia, akatoka mwanamke laini, ngozi kama sahani, meno yamebanana.

"Huyu anasoma taarifa ya habari," mdogo wangu wa kiume alisema.

"Mwanya wake uko wapi?" nikauliza.

"Dada, kompyuta haijui mwanya wa mama yako," mwenye studio akanijibu. "Isichokiona, inakisia." Akanieleza kuwa picha yetu imetumwa na kutumwa tena, simu hadi simu, na kila safari imebanwa ikapungua, kama uji unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. "Nitafutie ile ya kwanza kabisa. Hiyo nitakukuzia hata iwe mlango."

Ya kwanza kabisa ilikuwa Gulwe kwa shangazi, na Gulwe nilikuwa na kesi. Mama alipofariki, akimfuata baba, mimi niliacha shule kidato cha pili nikashika nyumba, na mimi ndiye niliyeitayarisha picha hiyo kwa ajili ya msiba. Humo mama alikuwa amesimama na shangazi, wamekumbatiana. Nilimkata shangazi kwa kidole kimoja, palepale kwenye simu, nikabakiza uso wa mama tu. Hajasahau.

Sasa alikuwa amekalia kile kiti cha picha za pasipoti, nyuma yake kitambaa cha bluu, fundo la khanga kalifumbata.

"Shikamoo, shangazi," nilimwamkia kwa mara ya tatu tangu ashuke kwenye basi.

"Marahaba, fundi mkasi. Humu kwenye kadi tuko wawili. Leo anakatwa nani?"

Mwenye studio akaanza kufuta kioo cha kompyuta kilichokuwa safi.

"Kiti ni kimoja, shangazi," mdogo wetu wa mwisho akasema taratibu. "Ni cha mama."

"Viti najua kuhesabu." Akanigeukia. "Wewe uliingia kwenye picha yangu ukanitoa bila hodi. Leo bisha."

Nimebishana na wenye nyumba na walimu wakuu kwa ajili ya hawa wadogo zangu, sijawahi kumpigia mtu magoti. Pale nilipiga.

"Hodi, shangazi."

"Sijasikia."

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia mteja aliyekuwa mlangoni. Mdogo wangu wa kiume alitoka nje kwenda kuchekea huko.

Shangazi alifungua fundo. "Sikupi, nakukopesha. Mwili wangu wote, kichwa mpaka miguu. Utanirudishia kwenye picha yangu mwenyewe, nikiwa mzima, ukubwa uleule wa mama yako, na utaileta Gulwe kwa mikono yako. Sitaki kupokea mwili wangu kwa kondakta."

Kadi ikaingia, picha ikafunguka. Mama akajaa kwenye kioo: mwanya, kovu dogo juu ya nyusi ambalo hata mimi nilikuwa nimeshalisahau, uzi uliochomoka kwenye kola. Mwenye studio aliikuza, akaikuza tena, na uzi ulibaki uzi. Mdogo wetu wa mwisho aligusa kioo. "Ndiye," alisema.

Lilibaki tatizo moja. Shangazi alipoondolewa, mkono wake ulibaki begani mwa mama.

"Huu naufuta," mwenye studio akasema. "Kompyuta itakisia bega."

"Usimkisie wifi yangu bega!" shangazi akaruka. "Na mkono sikuwakopesha muufute."

Basi Jumamosi mama alikaa kitini kwake, mkubwa, mwanya wazi, na begani mkono usio na mwenyewe. Wageni walianza kunong'ona. Mshereheshaji akashindwa kujizuia: "Jamani, huu mkono ni wa nani?"

Shangazi alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi. Alitembea mbele polepole, akasimama pembeni ya kiti, akaweka mkono wake juu ya ule mkono, na hakuutoa mpaka watu walipoitwa kula. Yumo katika kila picha ya siku ile.

Deni lake nimelichapisha. Limefungwa kwa karatasi ya kaki, limeegemea nyuma ya kabati langu, nyumbani Makole. Kila nikipanga safari, genge langu la mboga linanishika. Yeye hupiga simu kila Jumapili.

"Nipo?"

"Upo, shangazi."

"Miguu?"

"Yote miwili."

"Basi nilete."

Bado sijampeleka.