Damu ya Upande wa Mama

Nakumbuka siku moja mwaka 1983, nina miaka ishirini na mbili. Shida yangu ilianza siku hiyo, na niliianzisha mwenyewe.

Mwanangu, shule niliishia darasa la tatu, ila ubishi nilihitimu. Mtoto wetu wa kwanza, Damasi, alimeza vidonge vya malaria, kesho yake macho manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hospitali wakamwongezea damu, akapona. Mimi nikaanza kuunganisha: kaka wawili wa mke wangu Veronika walikufa hivyohivyo wadogo, na mjomba wake pia. Nikasema basi, wanawake wa ukoo huu wanakula watoto wa kiume. Nikamrudisha Veronika kwao Majimoto, mtoto nikabaki naye.

Shangazi yangu, aliyeniposea, alinifuata shambani Misunkumilo. Kigoda alikikataa.

"Ulimwona akimlisha kitu?"

Nikasema hapana, ila inajulikana.

"Uliona mkojo tu, mengine umejaza mwenyewe. Waliokufa si ndugu zake? Pole ulimpa lini?"

Nilikwenda Majimoto na mbuzi wa faini, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe. Veronika alinitazama mpaka nikaona haya, ndipo akafunga mzigo wake. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Juzi Neema, binti wa Damasi anayesoma chuoni, kanifumbua macho. Damu, anasema, ina kimeng'enya kinachoilinda isipasuke dawa kali ikiingia. Maelekezo ya kukitengeneza ni jeni, nayo ina mahali pake, kama nyumba mtaani: kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume hupewa moja tu, na mama; na jeni hiyo kwa ukoo wa Veronika ina kasoro. Hata kwa panya wataalamu wameipima, iko X hiyohiyo. Nami panya niliwajua kwa kula mpunga tu!

"Babu, kufuata ukoo ulifuata vizuri," akacheka. "Hukumu ndiyo uliharibu. Bibi alitoa asichokijua."

Neema naye anaibeba jeni hiyo yenye kasoro, na ana mchumba. Kwa hiyo nakwambia wewe unayeoa: uliza ugonjwa wa ukoo, mweleze daktari kabla ya vidonge, na usimfukuze mtu kwa damu ambayo hakuichagua. Mungu akupe watoto, na akili ya kuwalea.

Leo nina nyumba ya matofali Kawajense, ekari sita za mpunga, mashine ya kukoboa, ng'ombe kumi na mmoja. Veronika simhesabu humo. Alirudi kwa hiari yake.